Jiko Nililowasha Mimi, Matundu Aliyoziba Vestine

Nilizinduka nikiwa nimelazwa chali kwenye matope, mvua inaninyea usoni, na mwanamke nisiyemjua ananipiga vibao vya mashavu. "Komera, mama! Komera!" Alikuwa ananiambia nijikaze. Nijikaze kwa lipi? Hata mahali nilipokuwa sikupajua.

Nikageuza shingo. Pembeni yangu, kwenye majani, alikuwa amelazwa mwanangu Editha.

Midomo yake ilikuwa myekundu, mashavu yamechangamka, kama msichana aliyejipamba aende harusini. Nikafurahi! Jamani, sidanganyi, nilifurahi. Nikajisemea mtu aliyekufa hawezi kuwa na rangi nzuri namna ile. Nikamwita. Nikamshika mkono, nikauvuta. Ukaja tu, kama mkono wa nguo...

Mbele yetu, chini ya hema, watu walikuwa wamesimama na nguo zao za sherehe. Msemaji alikuwa ameshika kipaza sauti, hasemi kitu. Soda zilikuwa mezani, hazijafunguliwa. Na hapo nikamwona Vestine, mwenye nyumba, rafiki yangu tangu utotoni. Hakuwa anamtazama mwanangu. Alikuwa anawatazama wageni wake!

Naitwa Skolastika, ila wengi wananiita Mama Editha. Nina miaka arobaini na saba, naishi Ngara, Tanzania, nauza mchele na dagaa karibu na mpaka wa Rusumo. Shule niliishia darasa la nne, baba alisema inatosha. Haya naandika kwa mkono wangu mwenyewe, leo ni siku ya tano niko kwenye daftari hili hili. Naandika kwa sababu hapa nyumbani wanasema mimi ndiye niliyemuua mtoto. Wanasema kisimani, wanasema mpaka kanisani. Wanaoujua ukweli wako watatu, wote wako Kigali, na wote wamefunga midomo. Nitawataja kwa majina yao. Mimi sina aibu tena ya kumwonea mtu.

Editha alikuwa mtoto wangu wa pekee. Baada yake mimba mbili ziliharibika, nikaacha kumsumbua Mungu. Alipopata nafasi ya kusomea kompyuta chuo kimoja cha Kigali tulichinja kuku. Kutoka kwetu kwenda Kigali ni karibu kuliko Dar es Salaam, unavuka daraja asubuhi, mchana umefika. Nikajua nitamfikia kila mwezi na mchele wangu begani.

Lakini malazi! Hakuna aliyetuambia habari ya malazi. Mwaka wa kwanza alikaa hosteli, tukabaki tunakula ugali na majani. Mwaka wa pili yeye na wasichana wenzake watatu wakapata nyumba mtaa wa Kagarama, Kigali hapo hapo. Mwenye nyumba yule akawa anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, na kila alipowasikia wanavyoongea, akajua ni wageni, akaongeza. Editha akaniambia mama usijali, nitakula mara moja kwa siku. Mara moja! Mimi nalala na mchele uvunguni, mwanangu anakula mara moja?

Ndipo Vestine alipotokea.

Vestine ni Mnyarwanda, lakini amekulia kwetu Ngara. Tulicheza rede pamoja, tulisukana nywele, yeye ndiye aliyenisindikiza siku ya kwanza nilipokwenda kumwona Baba Editha kwa siri. Watu wao walipoanza kurudi kwao, naye akarudi nao, tukapotezana. Basi siku hiyo nipo kwenye meza yangu, mwanamke mnene amevaa miwani ya jua ananiuliza bei ya mchele. Nikamtajia. Akasema, "Hata mimi Sikola? Hata mimi unanipiga bei ya mpita njia?"

Tulikumbatiana mpaka dagaa wakamwagika.

Nikamweleza shida yangu. Akacheka, akanipiga bega. "Dada yangu, kwa nini mtoto alipe kama mtu wa ubalozi? Mimi niko na nyumba Masaka, pembeni ya Kigali, niko na vyumba vya nyuma vya wanafunzi. Kwa mtoto wako ni nusu. Nusu tu! Na jicho langu litakuwa juu yake."

Nusu! Nililia pale pale sokoni. Editha hakutaka kuhama, alisema Masaka ni mbali na chuo, atachelewa vipindi, pikipiki zitakula hiyo nusu. Nikamkaripia. Nikamwambia wewe unajua shida gani, wewe unayesoma kwa jasho langu? Akahama.

Hilo ni kosa langu la kwanza, na sijalificha.

Vyumba vyenyewe vilikuwa nini? Nilivikuta nilipokwenda mara ya kwanza. Zamani ilikuwa stoo moja kubwa iliyoshikana na nyumba ya Vestine. Akaigawa kwa kuta, vikatoka vyumba vitatu. Cha mwanzo kikapata dirisha, cha mwisho kikapata dirisha. Cha katikati hakikupata. Editha na mwenzake, msichana wa Biharamulo anayeitwa Rehema, walipewa cha katikati, ndicho cha bei ya nusu. Hewa ilipita kwenye matundu tu, yale matofali yenye vitobo juu ukutani. Nikauliza, dirisha je? Vestine akasema, "Mwanafunzi anafanyia nini dirisha? Anasoma au anachungulia watu?" Tukacheka wote. Na mimi nilicheka!

Ukuta ule wenye matundu, upande wa pili ulikuwa sebule ya Vestine. Na mimi kila mwezi napeleka dagaa. Wasichana wakikaanga dagaa, harufu inapanda, inaingia kwa Vestine, inakaa kwenye makochi yake mapya. Akawa analalamika. Kwanza kwa utani, anawaita "watu wa ziwa." Halafu bila utani.

Siku moja Editha akanipigia. "Mama, amekuja shemeji yake, fundi Fidèle, ameziba matundu yote kwa sementi. Chumba sasa hivi ni kama boksi. Rehema anasema tuhame."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Vumilieni, mwakani unamaliza. Mtapata wapi nyumba ya bei hiyo?"

Akasema, "Sawa mama."

Sawa mama... Mpaka leo nikiwa natwanga naisikia.

Sasa siku yenyewe. Nilifika Ijumaa, kwa sababu Jumamosi ile ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na asubuhi magari hayatembei. Rehema alikuwa ameondoka kwenda kwa mjomba wake. Jumamosi asubuhi mimi na Editha tukatoka na wenzetu, tukazibua mtaro. Majirani wakamsifu, ananyanyua jembe anaongea Kinyarwanda nao kama amezaliwa pale. Nilijiona mtu!

Mchana ule ule Vestine alikuwa na shughuli. Binti wa kaka yake alikuwa anakuja kuposwa, kule wanaita gusaba. Hema limefungwa uani, viti vimevishwa vitambaa, watu wa upande wa mwanamume wanategemewa wakati wowote. Mimi nilikuwa nimeshawasha jiko la mkaa nje, karibu na mlango wa Editha, nimebandika maharage. Maharage ya kwetu yanataka saa nyingi, nilitaka nimwachie yaliyochemka, awe anaunga tu kidogo kidogo wiki nzima.

Vestine akaja na gauni lake refu, amebeba sahani za karanga. Akaliona jiko.

"Sikola, hapana! Wakwe wanafika, wanione na jiko uani kama baa ya mishikaki? Ingiza ndani hiyo imbabura."

Nikamwambia maharage ndiyo kwanza yanaanza kulainika.

"Si ndiyo nasema ingiza, yaendelee huko huko. Na mfunge mlango, sitaki harufu kwa wageni."

Editha akasema, "Mama Vestine, lakini ndani hamna pa kupumulia, mliziba."

Vestine akamgeukia. "Ee, msomi wa kompyuta! Nyumba ya nusu na bado una maneno?"

Nikamwonea aibu mwanangu kwa kujibizana na mkubwa. Nikalibeba jiko mwenyewe, kwa kanga, nikaliingiza ndani. Makaa yalikuwa yameshika, mekundu, hayana moshi hata kidogo. Kwetu tunajua jiko baya ni lile linalofuka. Likishakuwa jekundu hata mtoto mchanga tunamwotesha. Lakini kwetu nyumba ni za bati zenye mianya, jikoni upepo unaingia huku unatokea kule. Nani aliwahi kuniambia kwamba makaa yanaweza kuua bila moshi? Nani?

Mlango nilitaka kuuacha wazi kidogo. Vestine ndiye aliyeuvuta kwa nje mpaka ukalia ta!

Mvua ikaanza. Masaka ikinyesha kuna baridi, tukalifurahia lile jiko. Editha akapanda kitandani. Mimi nikatandika mkeka chini karibu na mlango, pale mwanga unapopita kwa chini, nikawa nachambua mchele.

Nje sherehe ikaanza. Kwenye gusaba wanaume wawili wanashindana kwa maneno kwenye kipaza sauti, mmoja anaomba mke, mwingine anajifanya kukataa, na watu wanacheka. Mimi sikuelewa kitu. Editha akawa ananitafsiria.

"Anasema hapa kwetu hakuna msichana, mmepotea njia, rudini barabara kuu mkaulize pikipiki."

Nikacheka.

"Wa pili anasema sisi hatujapotea, dereva wetu alisimama kula mishikaki ndiyo maana tumechelewa... Huyu anamjibu, basi mkamposeni huyo mchoma mishikaki..."

Tukacheka wote wawili. Nikamsikia anajigeuza. "Mama, kichwa kinaniuma."

Nikamwambia ni jua la umuganda, na njaa. Jilaze mwanangu, maharage yakiiva nitakuamsha.

"Anasema bwana harusi amekonda... hao ng'ombe atawashika na mikono ipi..." Sauti ilikuwa imekuwa nzito, anavuta maneno. "Anasema..."

Nje watu wakaangua kicheko kikubwa. Nikauliza, anasema nini Editha?

Hakujibu. Nikasema amelala. Nikamwacha apumzike. Mimi mwenyewe mikono ikawa mizito, mchele nauona mara mbili. Nikajiambia uchovu wa safari. Nikaweka kichwa kwenye mkeka, pale pale mlangoni.

Walionieleza baadaye ni wahudumu wa hospitali. Walisema pengo la chini ya mlango ndilo lililoniokoa, nililala pua yangu ikiwa hapo. Walisema mkaa unatoa sumu isiyonuka wala kuonekana, na ule wekundu wa midomo ndiyo alama yake. Mgeni mmoja alikuwa anatafuta mahali pa kumnyonyeshea mtoto, akasukuma mlango, ukanigonga. Ndiye aliyenipiga vibao. Jina lake silijui, Mungu ambariki. Mwanangu alikuwa ameshakwenda, watu wanacheka huko nje...

Maharage yalikuwa yameiva.

Nililazwa siku mbili. Vestine alikuja na uji, akalia kuliko mimi, manesi wakambembeleza yeye! Akanishika mkono. "Dada, tutamsafirisha mtoto, jeneza ni juu yangu." Nikamwona malaika. Nikamwambia Vestine, wakija kuuliza habari ya chumba, tutawaeleza pamoja. Akainamisha kichwa, akasema, "Wewe pona kwanza."

Siku ya tatu wakaja polisi na kiongozi wa mtaa, watu wazuri, wamenipa pole kwa adabu. Nikawaambia kila kitu. Nikasema jiko niliingiza mimi, lakini matundu yalizibwa. Wakanichukua tukaenda Masaka tukaone.

Tukafungua mlango. Nikainua macho.

Matundu yalikuwa wazi!

Wazi yote, mstari mzima! Ukuta umepigwa rangi nyeupe, harufu ya rangi ikatupokea mlangoni. Nikapiga kelele, yalikuwa yamezibwa, yalikuwa yamezibwa! Mwanangu alikuwa bado chumba cha maiti, hajavishwa hata nguo, na wao walikuwa na nyundo!

Fundi Fidèle alikuwepo, ameshika kofia kifuani. Akaulizwa. Akasema kwa sauti ya upole, "Matundu iko wazi siku yote. Huyu mama iko na uchungu, tumusamehe tu."

Nikamwuliza na rangi je? Akasema ni ya sherehe, nyumba yote ilipakwa kwa sababu ya wakwe. Nikamgeukia Vestine. Akatazama pembeni, akasema, "Niliwaambia wasiingize jiko ndani. Wanafunzi hawa hawasikii."

Basi nikasema, kuna Rehema! Rehema alikuwa analala humu, atasema. Akaitwa. Akaja na kandambili zake, amevaa fulana ya Editha, ile ya njano. Nikajua nimepona. Yule mtoto ameshakula wali wangu miezi yote ile, ananiita mama.

Wakamwuliza, matundu yalikuwa yamezibwa? Rehema akatazama kandambili zake. Akasema, "Mimi sikuwahi kuangalia."

Hakuwahi kuangalia! Yeye ndiye aliyesema wahame!

Wakaandika ajali. Siwalaumu, wameona matundu kwa macho yao, wangeandika nini? Simu ya Editha ninayo, huenda kuna picha humo, lakini inadai namba ya siri, na mwenye namba nimemzika.

Nikarudi Ngara na jeneza. Baba Editha aliniuliza swali moja tu. "Jiko nani aliingiza?" Nikasema mimi. Hakuuliza tena. Lakini tangu siku hiyo chakula nilichopika mimi hakili. Jioni anatoka anakwenda kula kwa dada yake, mtaa mzima unamwona anapita. Hilo ni tangazo tosha. Wakwe zangu wananiita Mama Mkaa.

Nilifikiri Rehema aliogopa tu. Mtoto ni mtoto. Mpaka siku moja mama yake mzazi akapita mezani kwangu akielekea Kigali kumwona. Hakunijua, hatujawahi kuonana. Akanunua dagaa, akasema ametoka Biharamulo, anampelekea binti yake Rehema. Nikamwuliza anaendeleaje msichana wako? Akasema kwa furaha, "Mungu mkubwa dada yangu! Mwenzake alifariki pale, basi mwenye nyumba akamhurumia Rehema, amempa chumba cha dirisha, hata kodi halipi tena mpaka amalize."

Nikampimia dagaa wake. Nikamfungia vizuri. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini mama wa watu? Kwamba mwanao analala bure juu ya kaburi la mwanangu?

Wasomaji wenzangu, hasa nyie kina mama mnaopeleka watoto kusoma nchi za watu. Najua hali. Najua malazi yanavyonyonya damu ya mzazi. Mtoto akikwambia chumba hiki kibaya, usimwulize bei, mwulize kuna nini. Nenda ukaone kwa macho yako. Tafuta dirisha, tafuta matundu, weka kiganja usikie kama hewa inapita. Na urafiki wa utotoni usikufumbe macho. Mwandikishane kama na mtu baki! Jiko la mkaa lisivuke kizingiti cha chumba cha kulala, hata likiwa jekundu, hata halifuki, hata mwenye nyumba akikuamuru. Bora mkwe aone jiko. Bora harufu. Bora mtoto arudi nyumbani akalime na mimi mihogo, awe hai, anijibu jeuri.

Kosa langu nimelisema mbele yenu wote. Jiko niliwasha mimi, nikaliingiza mimi, na nilimwambia avumilie. Nitalibeba mpaka nife. Lakini la kwangu ni langu. La kwenu nyie watatu siwezi kuwabebea!

Fidèle, wewe ni fundi, mikono yako inajua ilipaka sementi siku gani na ilishika nyundo siku gani.

Vestine, ulinivutia mlango.

Rehema, nakutaka wewe kwanza, kwa sababu bado ni mdogo na bado unaweza kulala usingizi ukiamua. Panda gari uje Ngara. Sitakugusa, sitakutukana, nitakupa na pa kulala. Simama mbele ya Baba Editha, umwangalie usoni, umweleze matundu yale yalikuwaje siku unaondoka Ijumaa. Useme wewe, kwa mdomo wako. Unakuja lini?